Bibi anataka nimtoe mjukuu wake kwenye tamthilia

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa fasihi katika sekondari moja hapa Newala. Jambo langu nusu ni la darasani na nusu ni la nyumbani kwa watu, na kila nikijaribu kuyatenga yanarudi pamoja. Wenzangu ofisini wananiambia nichague tamthilia nyingine yaishe. Sidhani kama yataisha kwa njia hiyo, ndiyo maana nimekuja kwako.

Kikundi cha maigizo cha kidato cha tano kinaandaa tanzia ya Kigiriki ya Mfalme Oedipus, ya Sophocles, kwa ajili ya mahafali ya kaka na dada zao wa kidato cha sita. Kwa wasomaji wako wasioijua, kisa ni hiki. Mji wa Thebes umekumbwa na tauni. Habari inaletwa kutoka Delphi, kwa mungu mtabiri, kwamba tauni haitaondoka mpaka muuaji wa mfalme aliyetangulia, Laius, apatikane na aondolewe. Oedipus, mgeni aliyepewa ufalme kwa kukitegua kitendawili cha Sphinx, zimwi lililokuwa likiutesa mji, anamlaani muuaji hadharani na kuanza kumsaka. Anahoji huyu, anahoji yule, mpaka anagundua kwamba muuaji ni yeye mwenyewe, kwamba Laius alikuwa baba yake, na kwamba Jocasta, mjane aliyemuoa na kuzaa naye, ndiye mama yake. Jocasta anajinyonga. Oedipus anachomoa vibanio vya nguo ya mkewe na kujitoboa macho. Yote yalikuwa yametabiriwa. Wazazi walimtoa mtoto akatupwe mlimani ili yasitokee, na yeye alipokua akakimbia Korintho alikolelewa, ili yasitokee.

Niliichagua kwa sababu ya kweli kinzani. Wanafunzi wangu wanaijua kama fasili ya kukariri: kauli inayojipinga juu juu lakini ndani yake ina ukweli. Wanaiandika, wanaweka mfano, wanasonga mbele. Nilitaka waione ikimtokea mtu.

Anayeigiza Oedipus nitamwita Saidi. Si jina lake. Ni kijana mtulivu, anakaribia miaka 18, analelewa na bibi yake mzaa mama katika kijiji cha jirani na shule. Mazoezi tunafanyia chini ya mwembe nyuma ya maabara. Wenzake wanasema maneno ya daftarini. Yeye anayasema kama yake. Tulipofika pale Oedipus anaposema kwamba hata kama asili yake ni duni lazima aijue, alikunja daftari akalishika nyuma ya mgongo na kusema bila kusoma. Hata aliyekuwa akitafuna korosho pembeni aliacha.

Maswali yake hayaishi. "Madam, kama alikimbia, na kukimbia ndiko kulikomfikisha, kosa lake liko wapi?" Siku nyingine: "Madam, angeacha kuuliza, si angezeeka na ufalme wake?" Mara nyingine akauliza habari za yule mlevi aliyemwambia Oedipus karamuni kule Korintho kwamba si mtoto wa baba yake: "Yule alijuaje?" Nikamjibu kwamba mwandishi hakutuambia, tukaendelea na zoezi.

Jumamosi moja bibi yake akaja kwangu. Alileta ming'oko ya kuchemsha kwenye ungo mdogo uliofunikwa kanga. Alikataa kiti, akakaa mkekani. Tulizungumza habari za mvua na bei ya korosho, kisha akaanza kufungua na kufunga fundo la hela kwenye pindo la kanga yake, nikajua kuna neno. Akasema usiku mjukuu wake anasoma kwa sauti akiwa na tochi, naye anamsikia kutoka chumba cha pili: lazima nijue nimezaliwa na nani, lazima nijue.

Saidi ameambiwa tangu utotoni kwamba baba yake alifariki kabla yeye hajazaliwa. Si kweli. Yuko hai, anaishi Lindi na familia yake. Aliikana mimba. Babu yake Saidi akaapa jina la mtu yule lisitajwe nyumbani kwake, na babu alipofariki kiapo kikabaki. Mama yake Saidi yuko Dar es Salaam, anatuma matumizi, naye anataka ibaki vivyo hivyo. "Mwanangu," bibi akaniambia, "mchezo gani huo unaomfundisha mtoto kumtafuta baba mpaka nyumba inaanguka? Mtoe mjukuu wangu. Mpe apige ngoma." Akanisihi nisimwambie mtu yeyote. Nikamuahidi.

Sasa nimebanwa, Shangazi. Nikimtoa, atauliza kwa nini, na jibu la kweli si langu kulisema. Nikimwacha, kila zoezi naona kama namsogeza kwenye jambo ninalolijua na yeye halijui, halafu nampigia makofi. Akinitazama darasani nainamisha macho kwenye rejista. Na tamthilia yenyewe imeanza kunichanganya. Bibi hajawahi kuisoma, lakini ameielewa hivi: ukweli unaua, afadhali kunyamaza. Inawezekana ameielewa kuliko mimi niliyeisomea? Na kama ndivyo, nawafundisha nini watoto wa watu?

Naomba unisaidie kwa yote mawili, tamthilia na mtoto.

Mwalimu, Newala

*

Marahaba mwanangu,

Nimeisoma barua yako, nikaisoma tena. Umebeba dhamana ya mwanafunzi na umebeba siri ya mzee, na vyote viwili umevipokea kwa nia njema. Ndiyo maana vinakuumiza. Mtu asiyejali angekuwa ameshamtoa kijana kwa kisingizio chochote, au ameshamropokea. Wewe umekaa katikati, ukaandika.

Umesema nusu ya jambo ni la darasani. Nianzie huko, kwa sababu bibi ametoa tafsiri yake na Saidi ametoa maswali yake, na wote wawili wanastahili kujibiwa kutoka ndani ya tamthilia.

Mtu akisema mvua inanyesha na hainyeshi, mahali pamoja, saa ile ile, amejipinga tu. Upande mmoja ukisimama, wa pili unaanguka. Kwenye kweli kinzani pande zote mbili zinasimama, na kadiri unavyozichunguza ndivyo unavyoona kwamba hakuna uwezao kuondoka ukauacha mwenzake. Mtazame Teiresias, yule mtabiri kipofu. Sisi tunasema mwenye macho haambiwi tazama. Sophocles anamleta mwenye macho anayeambiwa tazama, anaambiwa na kipofu, na bado hatazami. Oedipus anamtukana mzee kwa upofu wake. Mzee anamjibu kwamba wewe unaona, lakini huoni umesimama wapi wala unaishi na nani. Kisha anamwambia neno ambalo ningekuwa wewe ningeliandika ubaoni na kuliacha hapo kipindi kizima: siku ya leo itakuzaa na itakuangamiza. Mtu mzima, mfalme, baba wa watoto, anazaliwaje leo? Anazaliwa kwa kujua alizaliwa na nani. Na kujua huko huko ndiko kunakommaliza. Waambie wanafunzi wajaribu kufuta nusu moja ya kauli ile waone kama nusu inayobaki ina maana yoyote.

Ukiishia kwenye kauli, hata hivyo, watabaki na mapambo ya lugha. Tanzia hii yenyewe imesukwa hivyo kuanzia chini. Anayemsaka muuaji ndiye muuaji. Anayeitwa mgeni ndiye mzaliwa wa mji. Aliyeuokoa mji kwa Sphinx ndiye aliyeuletea tauni, na kuangamia kwake ndiko kutakakouponya. Mjumbe anatoka Korintho na habari ya kumtoa Oedipus hofu, kwamba Polybus na Merope, waliomlea kule, si wazazi wake wa kumzaa, kwa hiyo asiogope tena ule utabiri. Na faraja hiyo ndiyo inayofungua mlango wa msiba. Aristotle, mwanafalsafa wa Kigiriki, aliitumia sehemu hiyo hiyo kuonyesha jinsi mambo yanavyopinduka katika tanzia.

Sasa bibi. Hajaisoma tamthilia, lakini alichokisema kimo, na anayekisema ni Jocasta. Anaelewa kabla ya Oedipus kuelewa, anamsihi aache kuuliza, anamwombea asijue kamwe yeye ni nani. Ni maneno ya upendo, na ukiyasoma na wanafunzi yasomwe hivyo, yasitiwe ujanja wala woga wa kijinga. Basi ndiyo, bibi ameielewa.

Ila kuna mahali pengine, na ningependa urudi ukapasome polepole. Oedipus mwenyewe anamsimulia Jocasta ilivyokuwa Korintho. Mlevi alipomwambia si mtoto wa baba yake, hakukimbilia Delphi. Alijizuia siku ile, na kesho yake akaenda kwa baba na mama, akawauliza. Walimkasirikia mlevi. Kijana wakamtuliza. Jibu hawakumpa. Akatulia kidogo, lakini neno likaendelea kumtafuna, na maneno ya watu yakaendelea kusambaa, mpaka akaondoka bila wao kujua kwenda kumuuliza mungu. Delphi nako hawakumjibu alichouliza. Walimwambia atamuua baba yake na kumuoa mama yake. Akawakimbia Polybus na Merope, baba na mama pekee aliowajua, na njia ya kuwakimbia ikampitisha kwenye njiapanda alikokuwa Laius.

Hebu fikiria Polybus angesema asubuhi ile: mwanangu, tuliletewa wewe ukiwa mchanga, tukakulea, tukakupenda. Oedipus angekimbia kutoka wapi?

Kwa hiyo kisa kina ncha mbili. Kuuliza kulimvunja. Kutojibiwa ndiko kulikompeleka alikovunjikia. Bibi ameshika ncha moja, kwa haki kabisa. Atakayesimama kwenye mahafali akasema tanzia hii inatufundisha kusema kila kitu kwa kila mtu atakuwa ameshika ile nyingine na kuiacha ya bibi. Sophocles hakutuchagulia. Hata yule mchungaji aliyepewa kichanga akitupe: alimhurumia, akamkabidhi mwenzake wa Korintho, na huruma yake ndiyo iliyomwokoa mtoto na ndiyo iliyomfikisha kwenye balaa. Mzee yule anabanwa mbele ya mfalme, anasema yuko ukingoni mwa neno la kutisha kusema. Oedipus anamjibu: nami la kulisikia, lakini lazima lisikiwe. Hapo hakuna mtu mbaya jukwaani. Nadhani ndicho kinachokutisha wewe pia, mwanangu, kwamba katika habari ya Saidi huoni wa kumlaumu aliye karibu.

Hapa naomba usimame kidogo. Umeniandikia maswali matatu ya Saidi. Mawili umeyaweka peupe. La tatu umelipita haraka, ukarudi kwenye zoezi. Kijana aliyeambiwa baba amefariki anauliza: yule mlevi alijuaje?

Inawezekana ni udadisi wa msomaji mzuri tu. Ni swali zuri la fasihi, kwa sababu siri ya jumba la kifalme ikiwa mdomoni mwa mlevi, ujue ilishatembea. Lakini inawezekana pia kwamba kuna mtu, harusini au njiani kutoka shamba, amekwisha kumrushia Saidi neno, na yeye anatafuta kwa kuzunguka kama lina uzito. Barua yako yote imesimama juu ya dhana kwamba hajui. Bibi naye ameijenga hofu yake juu ya dhana hiyo. Naomba muiangalie upya kabla hamjaamua lolote, maana kumlinda mtu asijue na kumlinda mtu anayeshuku peke yake ni kazi mbili tofauti.

Uko Newala, mapiko unayajua. Kinyago kinaingia uwanjani, watoto wanakimbia, ngoma inapamba moto. Watu wazima wanajua ndani yake kuna kijana wa kijiji, pengine hata mwendo wake wanautambua, na hakuna anayetaja jina. Waigizaji wa Athene nao walivaa vinyago, na watazamaji walikuwa wanakijua kisa cha Oedipus kabla hawajatoka majumbani kwao. Walikwenda kumtazama mtu asiyejua anachokijua kila aliyeketi. Sasa piga picha ya siku ya mahafali. Wazazi wamekaa kwenye viti vya plastiki, majirani wa bibi wamo, wengine wana umri wa kuikumbuka ile mimba na kile kiapo. Saidi anasimama mbele yao na kusema lazima nijue nimezaliwa na nani. Kama siri ile inajulikana kijijini, na siri za namna hiyo aghalabu hujulikana, watakaoona tamthilia mbili siku hiyo ni wote isipokuwa yeye. Hilo ndilo linalonipa wasiwasi zaidi katika mpango wako, kuliko mistari anayoisoma na tochi.

Je, umtoe? Bibi atalala usingizi kwa muda. Lakini Saidi ataondolewa kwenye kitu anachokiweza kuliko wenzake wote, bila sababu, siku chache baada ya bibi yake kufika kwa mwalimu. Ana akili, ataunganisha. Kama anashuku, utakuwa umemthibitishia kwamba kuna kitu. Kumpa sehemu nyingine, tuseme ya Teiresias, kunapunguza aibu lakini swali la kwa nini linabaki pale pale.

Je, umwache na unyamaze? Kuna kheri ndani yake ambayo usiidharau. Wapo vijana wanaopata pumzi kwa kulisema jambo lao kwa maneno ya mtu mwingine, na pengine Oedipus ndiye mtu pekee anayeweza kuzungumza naye habari hizi kwa sasa. Hatari yake ni siku atakapojua, na akajua kwamba madam alikuwa anajua wakati akimwelekeza jinsi ya kuinua sauti kwenye mstari ule.

Ipo njia ya kurudi kwa bibi. Ahadi yako haivunjiki ukirudi kwa yule yule uliyemuahidi. Usiende kumfundisha. Nenda umuulize anaogopa nini hasa, maana hakukuambia, na wewe hukumuuliza. Anaogopa mjukuu atahamia kwa baba? Anaogopa kiapo cha marehemu mumewe? Anaogopa yule mtu atamkana Saidi mara ya pili, safari hii usoni? Anaogopa binti yake wa Dar es Salaam atasema mama umenisaliti? Kila hofu hapo ina dawa yake, na nyingine kweli haina. Baba anaweza kumkataa tena. Anayemwambia kijana ukweli huu asimwahidi baba. Amwambie tu kilichotokea na kwamba halikuwa kosa lake. Mpe pia bibi kile kisa cha karamu ya Korintho, umsimulie pale mkekani kama hadithi, umwache aseme mwenyewe anachokiona. Hatari ni kwamba atakukasirikia na atajuta kukuamini. Inawezekana. Utakuwa umemkasirisha ana kwa ana, naye ataweza kukujibu.

Kuna mtu hukumtaja hata mara moja, na kwa Newala nimeshangaa. Mjomba. Wamakonde, kama majirani zenu Wamakua, Wayao na Wamwera, kwa asili humhesabu mtoto upande wa mama, na mjomba ana kauli kwenye mambo kama haya. Kama Saidi ana mjomba aliye hai na mwenye busara, huenda yeye ndiye wa kukaa na bibi, wakampigia simu mama, wakakubaliana nani aseme na lini. Kiapo cha babu nacho, wa kukizungumza ni wao wa ukoo, mimi na wewe hatuna mamlaka hayo. Na wakati tuko hapo, liangalie hili kwenye mazoezi: Creon, anayeshutumiwa na Oedipus kwa njama na kutishiwa kuuawa, ni kaka yake Jocasta. Oedipus anamtukana kama shemeji, kumbe ni mjomba wake. Wazazi wa Newala wakilitambua hilo kabla ya Oedipus, uwanja mzima utashika vichwa. Usiliache lipite.

Ukihisi familia imefungana kabisa, afisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kukaa nao bila kuwapeleka popote. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inatambua haki ya mtoto kuwajua wazazi wake wa kumzaa na ndugu zake. Sikuambii ili ukamtishie bibi nayo. Nakuambia ili ujue kwamba shauku ya Saidi haikuanzishwa na mchezo wako, na kwamba akitimiza 18 anaweza kuanza kutafuta mwenyewe, bila mtu wa kumshika mkono.

Muda nao uupime. Mahafali yana tarehe, siri haina. Kumwambia kijana habari nzito siku chache kabla ya kupanda jukwaani ni kumtwisha mizigo miwili. Kungoja mpaka baada ya mahafali ni kumpandisha jukwaani mbele ya watu wanaojua. Hapo sina njia rahisi ya kukupa. Wanaomjua Saidi kwa karibu, na wewe ukiwemo, ndio watakaopima anaweza kubeba kipi kwanza.

Jambo moja ujiandae nalo mapema. Anaweza kuja kwako, baada ya zoezi, wenzake wakiwa wameondoka, akuulize waziwazi: madam, kuna kitu unakijua kuhusu mimi? Kusema hapana kutakuwa uongo, na kumwambia yote kutakuwa kuwapora wenyewe. Unaweza kumwambia: hilo ni la kuulizwa nyumbani, na ukitaka nitakusindikiza. Hujamficha kwamba kuna jambo, kwa hiyo kabla hujaisema sentensi hiyo ingefaa bibi awe amejua kwamba unaweza kuisema.

Na lile swali lake la kwanza, kosa la Oedipus liko wapi, bado linamngoja darasani. Usilifunge kwa kusema alikuwa ameandikiwa. Delphi walitabiri, lakini hakuna mungu anayeonekana akimsukuma mkono. Kwenye njiapanda aligombana, akapiga, akaua kwa hasira. Hilo ni lake. Kwamba aliyempiga ni baba yake, hakujua. Ametenda na hakutenda. Waache wanafunzi wabishane hapo mpaka kengele igonge. Kisha waambie kwamba Sophocles alirudi kwa mtu huyu uzeeni. Tamthilia yake ya mwisho, Oedipus huko Colonus, ilionyeshwa mwaka 401 kabla ya Kristo, mwandishi akiwa ameshafariki. Humo Oedipus ni mzee kipofu anayeongozwa na binti yake, anajitetea kwamba alitenda bila kujua, na yule aliyefukuzwa Thebes kama uchafu anakuwa ulinzi wa nchi inayokubali kumzika. Saidi anayajua macho yaliyotobolewa. Sehemu hii ya pili sidhani kama amewahi kuisikia, na hata bibi ingemfaa.

Niandikie ukishaonana naye.

Shangazi